Bustani ya mboga katika kiangazi cha Dodoma: mwongozo kamili kwa anayemwagilia kwa dumu

Mvua za Dodoma huanza Desemba na kukatika Aprili, na kwa mwaka mzima wastani wake haufiki milimita 600. Mei ikishaingia, hakuna cha kutegemea kutoka juu. Kuanzia Julai upepo wa mashariki unavuma siku nzima na vumbi lake, na Oktoba na Novemba, ardhi ikiwa imekauka nusu mwaka, joto la mchana linafika nyuzi 30 na ushei. Mboga za mvua zimekwisha, mlenda uliobaki ni ule wa kukaushwa. Ndiyo miezi ambayo bustani ndogo nyuma ya nyumba ina maana kuliko miezi mingine yote.

Bustani ikikauka, watu husema maji hayakutosha. Mara nyingi yalitosha, ila hayakukaa. Yalitiririka pembeni ya tuta, yalikauka juu ya udongo mtupu kabla ya saa nne asubuhi, au yalilowesha vumbi la juu huku mizizi ikibaki kavu. Kwa hiyo sehemu kubwa ya mwongozo huu ni kazi ya kufanya kabla hujabeba dumu la kwanza.

Anza na hesabu ya maji

Chukua hesabu moja uikariri: milimita 1 ya maji juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1. Mboga zilizostawi na kufunika tuta, katika jua na upepo wa Oktoba, hutumia milimita 5 hadi 6 kwa siku. Tuta la upana wa mita 1 na urefu wa mita 5 lina mita za mraba 5, kwa hiyo linataka lita 25 hadi 30 kila siku, yaani dumu moja na nusu la lita 20. Matuta manne ni madumu sita, leo, kesho na keshokutwa, hata wiki ambayo bomba halitoi.

Jiulize nyumba yako inaweza kutoa madumu mangapi kwa siku katika wiki mbaya, si katika wiki nzuri. Gawanya kwa moja na nusu. Ukipata matuta mawili, chimba mawili. Matuta mawili yanayoshiba maji yatakulisha vizuri kuliko matano yenye kiu, na hapa sibembelezi mtu: bustani nyingi za kiangazi hufa kwa sababu zilikuwa kubwa mno tangu siku ya kwanza.

Angalia pia ni maji gani. Visima vingi vya Dodoma vina maji ya chumvi. Dalili zake bustanini ni ukoko mweupe juu ya udongo uliokauka, na majani yanayoungua kingo huku katikati yakibaki ya kijani. Ukiwa na maji hayo, usinyunyize kidogo kidogo kila saa, kwa sababu chumvi hubaki juu na kuongezeka. Mwagilia kwa kushibisha, halafu pumzisha, ili maji yaisukume chumvi chini ya mizizi. Usimwage juu ya majani. Maharage hayavumilii chumvi hata kidogo. Kunde huvumilia zaidi, na spinachi pia.

Maji ya kuoshea mchele na mboga yapeleke moja kwa moja kwenye tuta. Yale ya sabuni ya unga yasiguse mboga za majani. Ukiwa na mpapai au mgomba, mwagia huko, na ubadilishe mahali mara kwa mara.

Mahali, upepo na mbuzi

Chagua mahali panapopata jua la asubuhi na kivuli kidogo kuanzia saa tisa alasiri. Ukuta wa nyumba au mti ulio upande wa magharibi unafaa sana. Usilisogeze tuta hadi chini ya mti wenyewe, maana mizizi yake itayafikia maji yako kabla ya mchicha. Hali ni hiyohiyo kwa uzio wa minyaa: acha angalau mita 2.

Upepo unakausha kama jua linavyokausha, ila watu wengi wanauona kuwa kero tu. Weka kizuizi upande wa mashariki na kusini mashariki. Kisiwe ukuta mzito. Upepo ukigonga kitu kisichopitisha hewa huruka juu na kuanguka upande wa pili kwa nguvu. Mabua ya mtama au matete yaliyofungwa yakiacha nafasi, nusu wazi nusu yamezibwa, yanaupunguza vizuri zaidi. Uzio wa mita 1 na nusu unakinga hadi mita 10 na zaidi nyuma yake, kwa hiyo bustani ya nyumbani inahitaji uzio mmoja tu.

Baada ya mavuno mifugo huachiwa mashambani, na tuta la kijani katikati ya vumbi halijifichi. Zungushia miiba kabla ya kupanda, si baada ya mbuzi kuingia. Mbuzi hula hadi matandazo.

Kuchimba tuta la makingo

Tuta la kunyanyuliwa ni la masika, kazi yake ni kutoa maji. Kiangazi unataka kinyume chake: tuta la makingo, ambalo uso wake uko chini ya ardhi inayolizunguka na kingo zake zimenyanyuka. Maji yote unayomwaga yanabaki ndani, na upepo unapita juu badala ya kulamba udongo.

Udongo mwekundu wa Dodoma ukikauka huwa mgumu kiasi cha kuvunja mpini. Pima eneo lako kwa kamba, lichimbue juujuu, mwagia madumu mawili jioni, uache hadi kesho. Asubuhi chimba udongo wa juu, sentimita 15, uweke upande mmoja. Huo ndio wenye rutuba. Kisha toa sentimita 10 za udongo wa chini, ujengee makingo kuzunguka tuta, ukiyashindilia kwa mgongo wa jembe. Sakafu iliyobaki itifue tu kwa kina cha jembe bila kuitoa, ili mizizi ipate njia ya kushuka. Changanya udongo wa juu na samadi iliyooza vizuri, ndoo moja ya lita 20 kwa kila mita ya mraba, urudishe ndani. Samadi ikiwa bado inanuka mkojo au ina moto ukiingiza mkono, iache ioze kwanza. Mbichi huunguza mizizi na kuita mchwa.

Sasa sawazisha, na hapa usiharakishe. Mwaga ndoo moja katikati utazame maji yanakoelekea. Yakikimbilia kona moja, kona hiyo itazama na ile nyingine itakauka kila siku kwa miezi yote ijayo. Sawazisha kwa reki mpaka maji yatulie. Mteremko ukikushinda, ligawe tuta kwa vikingo vidogo kila mita moja, kila chumba kisimamie maji yake. Ukishamaliza usilikanyage tena. Upana ni mita 1 ili ufike katikati kwa mkono ukiwa nje.

Kabla ya kupanda, tuta jipya linahitaji kushibishwa. Dumu moja juu ya mita za mraba 5 ni milimita 4 tu, na katika udongo uliokauka haliendi zaidi ya sentimita chache. Ili kulowesha sentimita 20 unahitaji madumu matano au sita. Yamwage kwa awamu kwa siku mbili. Halafu chimba kishimo pembeni utazame: udongo wa chini ukishikana mkononi na kubaki na alama za vidole, tuta liko tayari. Ukimwagika kama unga, ongeza.

Chungu kilichofukiwa

Kwa mimea inayosimama kwa nafasi, kama bamia, nyanya chungu, pilipili na maboga, kuna njia ambayo wakulima wa China waliiandika miaka 2,000 iliyopita na bado ni bora kuliko chupa za plastiki zilizotobolewa. Unafukia chungu cha udongo ardhini, unakijaza maji, na maji yanapenya ukutani kidogo kidogo kadiri udongo unavyoyavuta. Udongo ukiwa na unyevu, chungu kinatulia. Udongo ukikauka, kinatoa. Juu panabaki pakavu, kwa hiyo hata magugu hayaoti.

Chungu kiwe cha kuchomwa kwa kawaida, kisichopakwa rangi wala kung'arishwa. Kijaribu kabla ya kununua au kufukia: kijaze maji ukiweke kivulini. Baada ya saa chache ukuta wa nje unapaswa kubadilika rangi na kuwa na jasho, ukiupitisha kiganja unalowa. Kikibaki kikavu hakifai. Kikidondosha matone kina ufa.

Chungu cha lita 5 hadi 8 kinatosha. Chimba shimo pana kukizidi, kifukie mpaka shingo, acha sentimita 2 au 3 juu ili mchanga usiingie, na ukifunike kwa kigae au jiwe bapa. Bila mfuniko, mbu watazaliana humo. Panda miche mitatu au minne kukizunguka, sentimita 15 hadi 20 kutoka ukutani, na wiki ya kwanza uimwagilie pia kwa juu, kwa sababu mizizi michanga bado haijaufikia unyevu wa chungu. Baadaye utajaza kila baada ya siku mbili hadi nne. Maji ya tope na ya chumvi huziba vitundu vyake. Chungu kikianza kuchelewa kuisha, kitoe ukisugue.

Kwa mchicha uliosiwa kwa mistari ya karibu, chungu hakisaidii sana. Huko kazi ni ya tuta la makingo.

Cha kupanda na cha kuacha

Panda vinavyolipenda joto: bamia, kunde za majani, mchicha, mgagani, nyanya chungu, pilipili na matembele. Mgagani na kunde ndizo ningeanza nazo kama maji ni machache kweli. Matembele hayahitaji mbegu. Omba marando kwa jirani, kata vipande vya sentimita 25 hadi 30, punguza majani, laza kivulini siku moja, fukia theluthi mbili ya urefu.

Sukuma wiki na spinachi zinawezekana ukizipa kivuli cha mchana. Nyanya zinawezekana pia, kwa sababu usiku wa Dodoma hupoa. Mtu wa Dar es Salaam au Mombasa anayepanda Januari ana shida nyingine: usiku wa joto pamoja na mchana wa joto huzifanya nyanya zidondoshe maua hata zikiwa na maji tele.

Saladi ziache. Mbegu zake hukataa kuota udongo ukizidi nyuzi 30 hivi. Karoti huchukua wiki moja hadi mbili kuota, na siku hizo zote uso wa udongo usikauke hata mara moja. Kwa anayebeba dumu hiyo ni kazi isiyolipa. Kabichi inakaa shambani muda mrefu mno kwa maji hayo.

Mbegu na kitalu

Mbegu za bamia ziloweke usiku kucha, panda mbili kila shimo, sentimita 40 kati ya mashimo. Mchicha changanya na mchanga mkavu ili usimwagike kwa wingi, sia kwenye mifereji ya kina cha sentimita 1 iliyoachana sentimita 20, fukia kidogo, funika kwa nyasi nyepesi, mwagilia juu ya nyasi. Siku ya tatu anza kuchungulia. Ukiona vichwa vyeupe vinainuka, ondoa nyasi jioni hiyohiyo. Ukichelewa siku mbili, miche inakuwa mirefu, myembamba, na jua la kwanza linailaza.

Nyanya, nyanya chungu, pilipili na sukuma wiki zianzie kitaluni. Kitalu kiwe chini ya chanja cha mita 1 kilichoezekwa matete au nyasi kwa kuachanisha, jua lipite kama nusu. Neti ya wadudu juu ya miche ya nyanya si anasa: inzi weupe hubeba virusi vya kukunja majani, na mche ulioambukizwa mdogo hauzai.

Siku 7 hadi 10 kabla ya kuhamisha, punguza maji na uondoe kivuli kidogo kidogo. Miche itaacha kurefuka, shina litakuwa gumu. Mche uliolelewa kwa starehe mpaka siku ya mwisho ndio unaolala chini kesho yake.

Jioni ya kuhamisha

Usihamishe asubuhi. Anza saa kumi na moja jioni, mche upate usiku mzima wa kutulia kabla ya kukutana na jua. Muda wa saa mbili au tatu kabla ya kung'oa, mwagilia kitalu mpaka kishibe. Ng'oa kwa mwiko au kijiti pamoja na bonge la udongo, usivute kwa shina.

Mche wenye majani mengi upunguzie yale ya chini. Majani ndiyo yanayotoa maji, na mizizi iliyokatika haiwezi kuyahudumia yote. Nyanya ifukie mpaka karibu na majani ya kwanza, maana shina lake huota mizizi. Miche mingine ifukie kimo kilekile ilichokuwa nacho kitaluni.

Mpangilio wa maji ni huu, na usiugeuze. Chimba shimo, mwaga lita 1 ndani, subiri iishe. Weka mche, rudisha udongo wenye unyevu, bana kwa vidole ili mizizi iguse udongo bila kuacha mapengo. Mwaga nusu lita nyingine taratibu. Mwisho tandaza udongo mkavu kidogo juu ya pale palipolowa, kisha matandazo. Udongo mkavu ule wa juu hukata njia ya unyevu kupanda na kupotea.

Kesho yake kabla ya saa tatu asubuhi, chomeka tawi lenye majani upande wa magharibi wa kila mche, na jingine juu yake kama lipo. Acha siku tano hadi saba, ukipunguza majani ya tawi kadiri mche unavyosimama. Ukiondoa kivuli chote kwa mara moja unarudi ulikoanza.

Matandazo

Tandaza nyasi kavu, mabua ya mtama au uwele yaliyokatwakatwa, au maganda ya karanga, kwa unene wa sentimita 5 hadi 8. Pembeni mwa kila shina acha duara tupu la sentimita 5. Mchwa wakija, na Dodoma watakuja, watashughulika na yale makavu, lakini wasipate daraja la kufika kwenye shina. Tembeza macho kila asubuhi. Ukiona vinjia vya udongo vinapanda, vivunje, chambua matandazo, weka majani mabichi ya mwarobaini pale. Wakizidi, ondoa matandazo sehemu hiyo kwa wiki moja.

Tuta bila matandazo katika Oktoba linapoteza maji mengi hewani kabla mmea haujayatumia. Kama una muda wa kufanya jambo moja tu kati ya yote niliyoandika, fanya hili.

Kumwagilia

Wiki ya kwanza baada ya kuhamisha, nusu lita kwa mche asubuhi na jioni. Wiki ya pili, mara moja kwa siku. Kuanzia wiki ya tatu, siku moja ndiyo moja siyo, lakini kiasi kile cha siku mbili kimwage kwa pamoja. Lengo ni mizizi ishuke. Ukinyunyiza kidogo kila siku, mizizi inabaki juu palipo na unyevu, na juu ndipo panapokauka kwanza. Mchicha ni tofauti, mizizi yake ni mifupi na muda wake ni mfupi. Huo upe kila siku.

Wakati mzuri ni asubuhi kabla ya saa mbili. Jioni inafaa pia. Elekeza maji kwenye udongo. Ukiwa na keni, ondoa kichwa cha matundu mimea ikishakua, ushushe mdomo hadi chini.

Saa saba mchana utaona boga au bamia imelegeza majani, yananing'inia kama yamechemshwa. Usikimbilie ndoo. Mmea unajikinga, jua linavuta maji kuliko mizizi inavyoweza kupandisha hata kama udongo umeshiba. Sogeza matandazo, ingiza kidole hadi kiungo cha pili. Kukiwa na ubaridi na udongo unashika kidole, acha. Rudi saa kumi na mbili jioni: yakiwa yamesimama, mmea hauna kiu. Jani linaloendelea kulegea asubuhi kabla jua halijatoka, hilo ndilo la kuhangaikia. Ama udongo ni mkavu kweli, ama mizizi imeliwa au imeoza kwa maji mengi, na kidole chako kitakuambia ni lipi.

Wadudu wa msimu huu

Vumbi na ukavu huleta utitiri mwekundu. Majani hupata vidoa vidogo vya njano, na ukigeuza jani unaona utando mwembamba. Piga maji upande wa chini wa majani asubuhi, siku kadhaa mfululizo, ung'oe mmea ulioshambuliwa sana. Vidukari kwenye sukuma wiki watoe kwa vidole wakiwa wachache, wakiwa wengi tumia maji ya sabuni ya mche yaliyozimuliwa. Kantangaze, aliyeingia Tanzania mwaka 2014, huchora mabaka meupe ndani ya jani la nyanya; chuma majani hayo mapema uyafukie chini sana au uyachome. Yakitapakaa, muulize afisa ugani kabla ya kununua dawa, kwa sababu mdudu huyu amezoea nyingi.

Miti ya matunda

Miche ya maembe na milimao usiipande Septemba kwa sababu tu umeikuta sokoni. Iweke kwenye viriba chini ya kivuli, chimba mashimo sasa, sentimita 60 kila upande, jaza udongo wa juu na samadi, na upande mvua ikishalowesha vizuri. Mpapai mmoja au miwili karibu na maji ya kuoshea vyombo inaweza kupandwa wakati wowote.

Mvua zikikaribia

Mchicha utaanza kuvuna wiki ya tatu au ya nne. Kata asubuhi, sentimita 10 kutoka chini, uchipue tena. Mwishoni mwa Novemba tazama anga, maana tuta la makingo lililokuokoa kiangazi litageuka bwawa mvua kubwa ya kwanza ikishuka. Vunja kingo upande wa chini wa mteremko, chimba mfereji wa kutoa maji, na matuta mapya ya Desemba yanyanyue sentimita 15. Vyungu vitoe, visugue, uvihifadhi kivulini hadi Mei.